Hofu ya Mtihani na Msichana wa Mandera

Mtihani ni mizani. Mtu akirudi nyumbani na sukari pungufu, hailaumiwi sukari. Hutazamwa mizani ya duka. Vivyo hivyo, kabla ya kumhukumu mwanafunzi aliyepata alama chache, yafaa tuitazame mizani iliyompima: ilitoka wapi, iliwekwa na nani, na ina mawe gani ambayo uzito wake haukuandikwa.

Msomaji kijana, bila shaka umepata kusikia maneno mawili yanayosemwa juu ya wasichana na mtihani wa Kiingereza. Neno la kwanza ni kwamba wasichana huuogopa mtihani kuliko wavulana. Neno la pili ni kwamba, kwa sababu ya hofu hiyo, msichana hawezi kufika afikapo mvulana. Watu huyasema maneno haya kwa pumzi moja, kana kwamba la pili ni mtoto wa la kwanza. Katika insha hii nataka tuyatenge, tulipime kila moja peke yake kwa ushahidi wa historia. Mfano wetu mkubwa utakuwa Mandera, pembe ya mwisho ya kaskazini-mashariki ya Kenya, ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia hukutana karibu na mto Daua. Nimepachagua huko kwa sababu mzigo wa mtihani ni mzito huko kuliko mahali pengi, na chini ya mzigo mzito ndipo nguvu ya mchukuzi huonekana.

Tuanze mbali kidogo, kwa maana mitihani iliyotawala shule za Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini wavulana wa shule mbalimbali za nchi ile. Wasichana hawakuruhusiwa. Watu wenye heshima zao walisema kuwa akili ya msichana haiwezi kuhimili mtihani, na kwamba mashindano yatamharibia afya. Mwanamke mmoja, Emily Davies, hakukubali. Aliomba wasichana wapewe karatasi zile zile za wavulana, kwa majaribio tu; na mwezi wa Desemba mwaka 1863 wasichana zaidi ya 80 waliketi mjini London wakaufanya mtihani, baada ya kupata wiki chache tu za kujiandaa. Katika masomo mengi walifanya vyema, lakini katika hesabu wengi miongoni mwa wale wakubwa walianguka.

Hapo palikuwa na njia mbili za kulielewa jambo. Mtu angeweza kusema, "Tazameni, akili ya msichana haina hesabu," kisha akaufunga mlango. Au angeweza kuuliza wasichana hao walifundishwa hesabu namna gani. Emily Davies na wenzake waliuliza, wakaona kuwa shule nyingi za wasichana hazikulifundisha somo hilo ipasavyo. Mafundisho yakatengenezwa; na mtihani ulipofunguliwa rasmi kwa wasichana mwaka 1865, walioanguka katika hesabu walikuwa wachache sana. Muda uliopita ni miaka miwili. Akili ya binadamu haibadiliki kwa miaka miwili. Kilichobadilika ni mafundisho. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Cambridge chenyewe hakikukubali kuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Ushike mwaka huo, maana tutaurudia.

Sasa tuivushe mizani ile bahari, tuje nayo Kenya. Wakati wa ukoloni njia ya mtoto Mwafrika shuleni ilikuwa na chekecheke nyingi. Kwa mpango uliotokana na taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto alitahiniwa mwisho wa mwaka wa nne, akatahiniwa tena mwisho wa mwaka wa nane katika mtihani uliojulikana kwa herufi zake, KAPE. Na wachache waliopenya walikwenda sekondari kuukabili mtihani wa Cambridge. Kila chekecheke ilikuwa na matundu madogo kuliko iliyotangulia. Matundu hayo hayakupimwa kwa akili za watoto, bali kwa idadi ya nafasi zilizokuwapo, na nafasi zilikuwa chache mno.

Juu ya hayo, mlangoni paliwekwa bawabu mmoja asiyepitwa: Kiingereza. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, ameeleza jinsi mambo yalivyokuwa katika shule za Kenya baada ya mwaka 1952. Mwanafunzi aweza kufaulu vizuri sana masomo yote mengine, lakini akianguka Kiingereza ameanguka mtihani mzima. Anamkumbuka mvulana mmoja aliyepatwa na hayo hasa. Alifaulu yote isipokuwa Kiingereza, na mwisho wake akawa utingo wa basi. Katika shule hizo, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa na kuaibishwa. Fikiri basi, msomaji: ikiwa lugha huingia kwa mtoto pamoja na fimbo na aibu, je, ni ajabu kwamba hofu nayo itaingia pamoja nayo?

Baada ya uhuru majina ya mitihani yalibadilika. KAPE iliondoka, ikaja CPE, kisha KCPE iliyofanywa tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023. Mtihani wa Cambridge nao ulipisha mitihani ya Afrika ya Mashariki, na Baraza la Mitihani la Kenya likaundwa mwaka 1980. Mtihani wa kumaliza sekondari uitwao KCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Kiswahili nacho kilipewa heshima ya kuwa somo la lazima katika mfumo ulioanza mwaka 1985. Lakini Kiingereza kilibaki mlangoni. Kilikuwa somo la lazima, na zaidi ya hayo kilikuwa lugha ya kujibia hesabu, sayansi, jiografia na historia. Asiyekielewa hupungukiwa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Natugeukie sasa Mandera. Watu wengi huona shule chache za kaskazini, wakadhani wenyeji hawakuipenda elimu. Historia yasema vingine. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za pembeni ilitumiwa kuifunga nchi ile, hata mgeni asiingie wala mwenyeji asitoke bila ruhusa. Na sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa watawala uwezo mkubwa juu ya watu na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ilikitazama kipande kile kama ukuta wa kulinda mpaka, na mtu hajengi shule ndani ya ukuta. Wakati shule ya wavulana ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, watoto wa Mandera hawakuwa hata na njia huru ya kwenda kuiona.

Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963 haukuleta utulivu huko. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini-Mashariki, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Sheria za hatari zenyewe hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Ni kweli kwamba serikali ilijaribu kuinyanyua elimu ya huko: mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta aliamuru karo ya shule za msingi iondolewe katika wilaya kame, na shule za msingi za bweni zilijengwa kwa ajili ya watoto wa wafugaji. Lakini aliyeanza safari saa sita mchana hawezi kulaumiwa kwa kutofika pamoja na aliyeanza alfajiri.

Ikiwa hivyo ndivyo alivyocheleweshwa mtoto wa Mandera, dada yake alicheleweshwa mara mbili. Kumbuka ule mwaka 1948 niliokuomba uushike. Mwaka ule ule ambao Cambridge iliwakubali wanawake katika shahada, ndio mwaka ambao huko Kikuyu ilifunguliwa shule ya sekondari kwa ajili ya wasichana Waafrika, ambayo leo huitwa Alliance Girls. Ilikuja miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Na kutoka Kikuyu hadi Mandera ni safari ya kilomita zipatazo 1,000, mwingi wake ukiwa mchanga na miiba. Shule za sekondari za wasichana zilipoanza Garissa, Wajir na Mandera, mama wa wanafunzi wale wa kwanza, kwa sehemu kubwa, hawakuwahi kuingia darasani. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia binti, "Mimi nami nilitetemeka, kisha nikafaulu."

Hebu tutazame lugha alizo nazo binti huyo. Nyumbani husema Kisomali, au Kigarre, au Kiborana. Akiwa mdogo hupelekwa duksi, yaani chuo cha Kurani. Huandika aya kwa wino juu ya ubao, huzihifadhi, kisha husimama mbele ya maalim akazisoma kwa moyo. Hiyo ni lugha ya pili, Kiarabu. Akiingia shuleni hukuta Kiswahili, na pamoja nacho Kiingereza. Basi lugha ambayo kwayo atapimwa maisha yake huja ya tatu au ya nne. Wala asidhaniwe ametoka kwa watu wasiojua maneno. Wasomali ni watu wa ushairi mkubwa, na wanawake wana utungo wao wenyewe uitwao buraanbur, unaosemwa arusini na katika mashauri mazito. Binti aliyelelewa kwa masikio hayo ana hazina ya lugha. Ila hazina yake imo katika sarafu isiyokubaliwa na chumba cha mtihani.

Walimu wanaokwenda huko kufundisha hulijua tatizo moja la Kiingereza lililo dhahiri. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri, akiwa na hofu, hukariri insha nzima na kuiandika katika mtihani, swali lolote liulizwe. Anafanya lile alilofanikiwa nalo duksini. Lakini duksini aya haibadiliki, na uaminifu ni kuihifadhi kama ilivyo. Katika insha uaminifu ni kujibu lililoulizwa. Mwalimu asiyeujua mwendo huu atamwita mwanafunzi mvivu. Ajuaye atamwambia, "Kumbukumbu yako ni chombo bora, sasa hifadhi maneno, si insha." Mathalani, kama kifungu cha ufahamu kinasimulia safari ya garimoshi, mtoto wa Takaba au Banissa ambaye hajaliona garimoshi ana kazi mbili, ya kuielewa lugha na ya kukiwazia kitu chenyewe. Mwenzake wa Nairobi ana kazi moja.

Tumefika sasa kwenye hofu yenyewe. Wataalamu wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya njia mbili, na waliokosea walishtuliwa kwa umeme. Kazi ilipokuwa nyepesi, mshtuko mkali uliharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko mkali ulikuzuia. Panya si mwanafunzi, lakini jambo hilo lilionekana baadaye kwa watu pia: woga kidogo huamsha, na woga mwingi huvuruga, hasa katika kazi ngumu. Mwaka 1952 George Mandler na Seymour Sarason walianza kuipima hofu ya mtihani kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1967 Robert Liebert na Larry Morris walionyesha kuwa hofu hiyo ina sehemu mbili. Moja ni ya mwili: moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho, tumbo kusokota. Ya pili ni ya fikira: "Nitaanguka; watanicheka; baba atasema nini?" Hii ya pili ndiyo iharibuyo zaidi, kwa maana huikalia nafasi ya akili ambayo ingelijibu swali. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili wa Texas waliongeza kwamba kujifunza lugha ya kigeni kuna hofu ya namna yake, kwa sababu mtu mwenye akili timamu hujikuta akizungumza kama mtoto mdogo mbele ya wenzake.

Je, wasichana huogopa zaidi? Mwaka 1988 Ray Hembree alizikusanya tafiti 562 juu ya hofu ya mtihani akazilinganisha. Aliona kwamba ndiyo, wasichana hueleza hofu nyingi kuliko wavulana. Basi neno la kwanza katika yale mawili lina ukweli, ingawa yafaa tukumbuke kwamba mvulana hufunzwa tangu utotoni kuificha hofu yake, na kilichofichwa hakihesabiwi. Lakini Hembree aliona pia kwamba hofu hiyo ya ziada ya wasichana haikuwashusha katika alama kwa kiasi ambacho watu wangetazamia. Tena aliona kwamba hofu ya mtihani hutibika, na ikipungua, alama hupanda.

Ushahidi wa Kenya waelekea huko huko. Kwa miaka mingi matokeo ya mitihani ya taifa yalionyesha wasichana wakiwatangulia wavulana katika lugha, hasa katika insha, ilhali wavulana walitangulia katika hesabu na sayansi. Neno la pili, basi, limeanguka. Anayeogopa zaidi ndiye aliyeandika vizuri zaidi. Lakini katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera lipo jambo ambalo orodha ya alama haiwezi kulionyesha, nalo ni kwamba wasichana waliofika kwenye meza ya mtihani walikuwa wachache kuliko wavulana. Alama humhesabu aliyeketi. Haimhesabu aliyeozwa akiwa darasa la saba, wala aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake, wala aliyehama na mifugo wakati wa ukame.

Hapa ndipo penye kiini cha insha yangu. Mvulana wa Mandera akianguka, aghalabu huulizwa atarudia lini, au atafanya kazi gani. Msichana akianguka, huenda asiulizwe lolote. Ndoa huwa imekwisha kungojea mlangoni. Karatasi ni ile ile, saa ni zile zile, lakini kinachopotea si sawa. Mtu avukaye mto kwa ubao mwembamba huogopa zaidi kuliko avukaye kwa daraja, wala hatusemi ana moyo dhaifu. Twasema ameuona ubao. Hofu ya msichana yule si upungufu wa akili. Mara nyingi ni hesabu sahihi ya hatari iliyo mbele yake. Kwa hiyo haitoshi kumwambia, "Usiogope." Ni lazima ubao upanuliwe.

Wako walioupanua kwa gharama kubwa. Tarehe 22 Novemba 2014 magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakaua watu 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo ya Krismasi. Walimu wengi wasio wenyeji waliogopa kurudi mwaka uliofuata, na mwaka 2020, baada ya mauaji mengine, wengi waliondolewa katika kaunti zile tatu. Madarasa yakabaki bila mwalimu wa Kiingereza wakati watahiniwa wakisubiri mtihani ule ule ulioandikwa kwa nchi nzima. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa katika safari ya kwenda Mandera. Wauaji walitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria wakakataa. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, mwalimu na Mwislamu, aliyepigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Ukiisoma habari yake, kumbuka kwamba nyuma ya kila alama ya mtihani kuna mwalimu aliyefika darasani.

Wako pia waliovuka. Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964. Vita vya koo vilipoisumbua Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wanawake wenzake walianza kuwapatanisha watu, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye mabaraza ya dunia. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011. Mwaka 2017 Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, Garissa, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na jimbo la bunge katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini-Mashariki. Mambo yao hayakuandikwa katika karatasi ya mtihani, lakini bila shule wasingaliweza kuyafanya kwa upana ule.

Lipi basi la kufanya? Wewe msichana, jizoeze kuandika kwa saa mezani kabla ya siku ya mtihani, ili siku hiyo isiwe ngeni kwako. Soma Kiingereza kwa sauti kila siku, hata ukurasa mmoja. Kama fikira zakusumbua, ziandike. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chicago waliona kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Wewe mvulana, usimcheke mwenzako akikosea neno. Kicheko chako humnyamazisha kwa muhula mzima, na kesho utanyamaza wewe. Jioni moja dada yako akisoma, wewe chota maji. Nanyi mtakaokuwa walimu, sahihisheni kosa bila kumwaibisha mkosaji, maana twaona tangu siku za fimbo ya Kiingereza kwamba aibu haijapata kumfundisha mtu lugha.

Na utakaposikia tena mtu akisema kwamba msichana huogopa mtihani kwa hiyo hawezi, umjibu kwa utulivu. Mwambie kwamba mwaka 1863 maneno hayo hayo yalisemwa London, na miaka miwili ya mafundisho mema ikayakanusha. Kisha umwulize amefanya nini yeye ili binti wa Mandera naye aipate miaka miwili kama hiyo.